Mshahara ni wa mwezi, shamba ni la msimu

KILA Januari inapofika, familia nyingi za mijini hapa nchini hujikuta zinalipa mara mbili. Kwanza zinalipa ada, sare, madaftari na nauli za watoto wanaorudi shule baada ya sikukuu. Pili zinalipa bei ya unga, mchele na maharage ambayo kwa kawaida huwa imekwisha kupanda, kwa vile mavuno ya katikati ya mwaka yameliwa au yamo mikononi mwa wenye maghala, na mavuno mapya bado yako shambani yakiwa majani tu. Ndipo mama wa nyumbani anapohama kutoka kununua kwa kilo na kuanza kununua kwa robo, na daftari la madeni la mwenye duka la mtaani linapoanza kunenepa.

Lawama husambazwa pande zote. Wapo wanaomlaumu mfanyabiashara, wapo wanaoilaumu Serikali, na wapo wanaoilaumu mvua. Wote hao wana sehemu yao. Lakini ipo sababu moja ambayo haisemwi sana, nayo ni kwamba mshahara unakuja kila mwezi kwa kiasi kile kile, wakati shamba linatoa mara moja au mbili kwa mwaka. Kati ya viwili hivyo kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo wanamoishi dalali, mwenye ghala na mwenye duka. Wao hawatendi kosa lolote kuishi humo, maana wanatunza mali na kubeba hasara. Anayelipia kazi hiyo ni mlaji. Kinachofaa kujadiliwa ni iwapo mlaji wa kipato cha chini analazimika kulipa kiasi chote anacholipa sasa.

Jibu ni kwamba halazimiki, ili mradi jiko la nyumbani liendeshwe kwa akili ile ile inayoendesha kibanda cha biashara. Mwenye kibanda anajua mali inatoka wapi, inashuka bei lini, inapimwaje na inakaa siku ngapi kabla ya kuharibika. Mama au baba anayelisha watu sita kwa mshahara wa kima cha chini anahitaji kujua mambo hayo hayo manne. Kununua mazao ya hapa nchini kwa msimu wake mara nyingi huhubiriwa kama jambo la uzalendo. Uzalendo ni mzuri, lakini haujazi sufuria. Sababu ya kweli ni ya hesabu.

Kalenda ya shamba

Chukua mfano wa Dar es Salaam. Ukiacha mchicha, matembele, mihogo na nazi za pembezoni, karibu kila kinacholiwa jijini kimefika kwa lori. Viazi mviringo vinatoka Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto. Nyanya zinatoka Ilula mkoani Iringa, na Mgeta na Dumila mkoani Morogoro. Vitunguu ni vya Ruaha Mbuyuni, Mang'ola na Singida. Mchele unatoka Kyela, Mbarali, Ifakara na Shinyanga. Machungwa ni ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa, viazi vitamu vya Gairo, na ndizi za kupika zinatoka Moshi, Rungwe na Bukoba.

Kila sehemu ina wakati wake. Kuanzia Mei mchele mpya unaanza kuingia, na maharage ya nyanda za juu yanafuata. Juni hadi Agosti mahindi ya mikoa ya kusini na nyanda za juu yanavunwa, na machungwa ya Muheza yanajaa barabarani kiasi kwamba wauzaji huyapanga chini juu ya magunia. Kipupwe hicho hicho, na miezi inayofuata, ndiyo wakati nyanya za bustani za umwagiliaji zinapopatikana kwa wingi na vitunguu vipya vinaposhuka. Kuanzia Novemba hadi Januari ni zamu ya maembe na mananasi. Mzunguko huu haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, ingawa mvua ikichelewa nao huchelewa.

Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, mambo hugeuka. Mvua nyingi huleta ugonjwa wa baka jani kwenye nyanya, barabara za vijijini hukatika, na tenga linalofika mjini huwa limepoteza sehemu ya mali njiani. Bei ya nyanya hupanda. Hata hivyo, miezi hiyo hiyo majani ya maboga, kunde, mnavu na matembele huota hata nyuma ya nyumba, ingawa bustani za mabondeni kama Msimbazi husombwa na maji mvua zinapozidi. Familia inayong'ang'ania mchuzi wa nyanya nne kila jioni mwezi Aprili inalipia mazoea yake. Inayopika kisamvu cha nazi, au inayotia ukwaju na ndimu pale ilipozoea kutia nyanya, inakula vizuri vile vile na kubakiza nauli.

Hata samaki wana kalenda, tena wao huifuata mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga ndio unaowavuta. Mwezi ukiwa mpevu anga lote ni taa, dagaa hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzisha vyombo. Mnunuzi anayetaka dagaa wa kukausha afuate siku za giza, maana ndizo siku za mavuno. Upande wa bahari, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo havitoki kila siku, na samaki wa Feri hupanda bei.

Aidha, ipo kalenda ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni ya sikukuu. Mwezi wa Ramadhani mahitaji ya mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, nazi na tambi hupanda kwa siku thelathini mfululizo. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi, Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama kumi au kumi na moja kila mwaka. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na miaka inayofuata inazidi kuelekea Januari. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo mahitaji ya futari yatakutana na miezi ile ile ambayo nafaka ni ghali na ada zinadaiwa. Familia itakayosubiri mwezi uandame ndipo iende sokoni itakuwa imechelewa.

Fungu halipandi, linapungua

Jambo la pili ni kipimo. Sehemu kubwa ya fedha ya mlalahoi hupotea hapa bila yeye kuona, kwa sababu mazao mengi sokoni hayauzwi kwa uzito. Yanauzwa kwa fungu, sado, debe, ndoo, tenga na mkungu.

Fungu lina siri yake. Bei ikipanda kwa muuzaji wa jumla, mchuuzi wa mtaani hapandishi bei ya fungu, kwa kuwa mteja wake ana sarafu ile ile mkononi. Anachofanya ni kupunguza. Fungu la nyanya sita linakuwa la tano, halafu la nne na nusu iliyopondeka. Mteja anarudi nyumbani akiamini bei haijabadilika, kumbe imepanda kwa theluthi moja. Dawa yake ni rahisi. Mwenye nyumba ahesabu vipande vilivyomo kwenye fungu, si bei yake, na akumbuke hesabu ya wiki iliyopita.

Sado nalo, yaani lile kopo la rangi la lita nne ambalo limegeuka kipimo cha taifa zima, linauza nafasi, haliuzi uzito. Viazi vikubwa huacha matundu makubwa kati yao. Kopo lenye kitako kilichosukumwa ndani huonekana limejaa kabla halijajaa. Mnunuzi asione haya kuligeuza kopo na kulitazama chini. Anayeuza kwa haki hatakasirika, na anayekasirika amekwisha kujibu swali.

Hali kadhalika ipo lumbesa. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini viazi na vitunguu vimekuwa vikifungwa kwa kuongezewa kilemba cha juu kilichoshonwa kwa kamba. Mkulima wa Njombe anaumia, kwa sababu analipwa gunia moja kwa mali inayozidi gunia. Walaji wa mjini wengi hudhani kwamba wao wananufaika na ziada hiyo. Hawanufaiki. Gunia likifika sokoni hufunguliwa na kupimwa kwa sado, na ile ziada aliyonyang'anywa mkulima huishia katikati ya safari. Anayenufaika na lumbesa ni yule anayenunua kwa gunia na kuuza kwa kopo. Mlaji anayetaka haki yake, basi, ana sababu ya kumtetea mkulima, maana mzani unaomlinda mmoja ndio unaomlinda mwingine.

Haya hayasemwi ili kumgeuza mchuuzi kuwa adui. Mama anayekaa na beseni kwenye kona ya mtaa amenunua tenga alfajiri, amelipa mkokoteni na ushuru, na jioni sehemu ya nyanya zake zitakuwa zimelegea. Lile fungu linabeba hasara hiyo pia. Kwa mteja wa kudumu yeye pia ni benki, maana humkopesha bila riba hadi mwisho wa mwezi. Kumkimbia moja kwa moja si busara. Busara ni kumwachia mboga za siku na kwenda soko kubwa kwa vile vinavyokaa, yaani nafaka, maharage, vitunguu na viazi.

Hesabu ya magunia mawili

Chukulia familia ya watu sita inayokula kilo moja na nusu ya dona kwa siku. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Machi ni siku 121, ambazo zinahitaji kilo 181 na nusu. Magunia mawili ya kilo 100 yanatosha, na kilo zinazobaki ni za upungufu wa mashineni na za wageni.

Sasa weka bei za mfano, ambazo si bei za soko la wiki hii bali ni za kurahisisha hesabu. Kama mahindi ni shilingi 600 kwa kilo baada ya mavuno, magunia mawili ni shilingi 120,000. Kama yamefika shilingi 1,000 kwa kilo katika miezi ya Desemba hadi Machi, kiasi hicho hicho kitaigharimu familia shilingi 200,000. Tofauti ni shilingi 80,000. Toa shilingi 10,000 za mifuko miwili ya kuhifadhia na shilingi 10,000 za usafiri. Zinabaki shilingi 60,000. Hata kama fedha zote 140,000 zilikopwa kwenye SACCOS kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi bila kupungua, kwa miezi sita, riba ni shilingi 12,600. Familia bado imebakiwa na shilingi 47,400, tena katika mwezi ambao shilingi hizo ni sare na madaftari.

Msomaji makini atauliza, je, bei isipopanda? Hilo hutokea. Katikati ya mwaka 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje, na waliokuwa wamejaza maghala wakitegemea bei nzuri walipata hasara kubwa, kwa sababu bei ilianguka badala ya kupanda. Kwa upande mwingine, mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 bei za nafaka zilipanda sana na walionunua mapema walipona. Mfanyabiashara anaweza kufilisika katika mwaka wa namna ya kwanza. Familia haiwezi, kwa kuwa familia haiuzi, inakula. Bei ikishuka, kilichopotea ni faida iliyotarajiwa na gharama ndogo ya mifuko, na ugali uko palepale. Bei ikipanda, familia imejiwekea bima. Hakuna bima nyingine ambayo mteja hula anapokosa kupata ajali.

Wasio na bei ya gunia

Pingamizi kubwa zaidi ni la wale wanaosema kwamba maskini hanunui gunia kwa sababu hana bei ya gunia. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Kibaba cha unga, kipimo cha mafuta, fungu la dagaa na vipande viwili vya mkaa ndivyo vinavyolingana na mfuko wake, na jumla ya vijisehemu hivyo kwa mwezi ni kubwa kuliko anayolipa jirani yake mwenye mshahara kwa chakula kile kile. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mjini haba na haba humaliza mshahara.

Lakini jibu la tatizo hilo liko tayari mitaani, ila linatumika kwa mambo mengine. Karibu kila mtaa una upatu. Akina mama kumi wanachanga kila wiki, na kila wiki mmoja anapokea. Fedha hizo mara nyingi hununua vyombo, vitenge au kiti cha sebuleni. Vitu hivyo vina heshima yake. Hata hivyo, upatu ule ule ukipangwa uishe Julai, na badala ya kutoa fedha ukatoa nafaka, watu kumi wanaweza kukodi gari dogo kwa pamoja, kwenda kwenye soko la nafaka la Tandale au la Manzese, na kununua kwa bei ya jumla mbele ya mzani. Nyumba tano zinazogawana gunia moja la viazi hupata kilo 20 kila moja, kiasi kinacholika kabla ya kuota.

Umoja wa namna hiyo una masharti yake, na mengi huvunjika kwa kuyadharau. Mmoja anunue na mwingine ashike fedha. Mgawo ufanyike kwa mzani siku ile ile, mbele ya wote. Mali isilale kwa mtu mmoja. Palipo na daftari na mzani hapana ugomvi.

Ipo pia njia ya kijijini. Wengi wa mijini wana shangazi, mjomba au shemeji anayelima. Mara nyingi fedha hutumwa huko kama msaada mwezi Februari, njaa inapobisha hodi, na mazao hununuliwa mjini kwa dalali mwezi huo huo. Kutuma fedha ile mwezi Juni na kupokea gunia kungewafaa wote wawili, maana mkulima angeuza kwa bei ya haki bila kumkimbilia mlanguzi, na ndugu wa mjini angekula cha nyumbani. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa hiyo magunia mawili ya shangazi hayana sababu ya kusimamishwa kwenye kizuizi na kudaiwa ushuru, na mwenye mzigo anapaswa kuijua haki hiyo.

Akiba haiozi, nyanya huoza

Kununua kwa wingi bila kujua kuhifadhi ni kuhamisha hasara kutoka sokoni kwenda nyumbani. Methali inasema akiba haiozi, lakini nyanya huoza, na mahindi huliwa na dumuzi. Mdudu huyo aliyeingia nchini kutoka Amerika miaka ya mwisho ya 1970, ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania kwa kasi yake ya kutafuna, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi katika msimu mmoja.

Mahindi ya kuhifadhi lazima yawe makavu. Kipimo cha bei nafuu ni chupa kavu na chumvi kavu. Mahindi kiasi yanatiwa kwenye chupa pamoja na chumvi, yanatikiswa, kisha yanaachwa yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na yaanikwe tena. Yakikauka yatiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, hewa iliyomo ikandamizwe itoke, na kila tabaka lifungwe peke yake. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Ukavu huu unahusu uhai pia. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mahindi yenye ukungu hayana bei nafuu, hata yakitolewa bure.

Vitunguu vinataka hewa, vitandazwe au vining'inizwe kwenye wavu. Viazi mviringo vinataka giza, kwani vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Viwili hivyo visikae kapu moja. Nyanya masalo, zile zilizoiva kupita kiasi ambazo huuzwa jioni kwa bei ya kutupa, zinafaa kwa anayefika nazo nyumbani na kuzipika usiku ule ule kuwa rojo ya siku tatu. Hazimfai anayezinunua ili azitazame.

Maarifa haya si mageni. Wasukuma na Wanyamwezi hukata viazi vitamu na kuvianika kuwa michembe, au huvichemsha kwanza na kuvianika kuwa matobolwa. Dodoma mlenda mkavu hupikwa kiangazi chote. Pwani maembe mabichi hugeuzwa achari. Vizazi vilivyopita havikuwa na jokofu na vililazimika kuyajua haya yote. Wanaohamia mjini mara nyingi huyaacha stendi pamoja na kamba ya mzigo, halafu wakanunua kwa fedha kile ambacho bibi alikipata kwa jua.

Hapo ndipo suala la matunda linapokuja. Mtoto anapewa tofaa lililosafiri kutoka Afrika Kusini kwa sababu linang'aa na limebandikwa kikaratasi, mwezi ule ule ambao maembe yanaozea chini ya miti Tabora na katika nusu ya yadi za Pwani. Embe bivu lina vitamini A ambayo tofaa halina kwa kiasi cha maana, na kwa bei ya tofaa moja mtoto na ndugu zake wanaweza kushiba maembe. Anayelipa zaidi kwa kupata pungufu hajanunua chakula. Amenunua sifa.

Wenye wajibu

Familia haiwezi kumaliza kazi hii peke yake. Wapo watatu wanaoweza kuisaidia bila gharama kubwa.

Wa kwanza ni halmashauri. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara walilazimika kutawanyika, na wengi walijionea jinsi ilivyo vigumu kujua bei halali pale soko kuu linapokosekana. Kila soko kubwa linafaa kuwa na mzani wa umma langoni, uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ambapo mnunuzi atapima tena alichonunua bila kulipa. Ubao wa bei za jumla za asubuhi ukiwekwa kando yake, mabishano mengi yangekwisha.

Wa pili ni SACCOS na vyama vingine vya akiba. Vyama hivi vimezoea kutoa mikopo ya ada Januari, wakati mkopaji amekwisha kubanwa. Mkopo wa nafaka wa Julai, mdogo na wa miezi sita, ungepunguza idadi ya wanaopanga foleni Januari. Mkopo wa aina hiyo una dhamana inayoonekana, na mkopaji ana sababu ya kuulipa, maana anaula kila siku.

Wa tatu ni waajiri. Kampuni inayotoa zawadi ya kilo tano za mchele mwezi Desemba, bei ikiwa juu, ingetumia fedha zile zile mwezi Julai na kutoa kilo zaidi. Inayokataa kutoa zawadi inaweza angalau kukubali kutanguliza sehemu ya mshahara msimu wa mavuno na kuikata kidogo kidogo.

Hata haya yasipofanyika, bado yapo yaliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Akae jioni moja na daftari, aandike kinacholiwa nyumbani kwake kwa mwezi, na mbele ya kila kitu aandike mwezi kinaposhuka bei. Achague kimoja tu kwa mwaka wa kwanza, iwe mahindi au maharage, akinunue kwa msimu na akihifadhi vizuri. Januari itakapofika, ada itadaiwa kama kawaida. Ila safari hii itadai peke yake, bila kuandamana na unga.